Bwana Lowell na Mifereji ya Mirihi

Mwezi wa Aprili mwaka 1960, mahali paitwapo Green Bank huko Marekani, mtaalamu kijana wa elimu ya nyota, Frank Drake, alielekeza chombo kikubwa cha redio, chenye upana wa futi 85, kwenye nyota mbili zinazofanana kidogo na jua letu. Alitaka kujua kama huko wako viumbe wenye akili wanaopeleka salamu angani. Hakusikia lolote. Hata hivyo kazi hiyo haikukoma. Wataalamu wameiendeleza, na watu wasio wataalamu nao wameingia humo: toka mwaka 1999 hadi 2020 mamilioni ya watu waliazima kompyuta za nyumbani mwao zisaidie kuchambua kelele za angani. Hao wote wana babu mmoja, ingawa si wote wapendao kumtaja, kwa maana aliaibika. Twataka leo kuwasimulia wasomaji wetu habari zake, kwa kuwa twaona kwamba wengi wamcheka kwa kosa lisilokuwa kosa lake kubwa.

Percival Lowell alizaliwa katika mji wa Boston tarehe 13 Machi 1855, mtoto wa ukoo wa kitajiri sana. Ndugu yake, Abbott Lawrence, alikuja kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard, na dada yake Amy akawa mshairi mwenye jina. Yeye mwenyewe alimaliza masomo Harvard mwaka 1876, akisifiwa hasa kwa hesabu. Baada ya kushughulikia mali ya ukoo kwa muda, aliondoka akaenda Mashariki ya mbali, akakaa Japani na Korea kwa vipindi vingi katika miaka kumi hivi, akaandika vitabu juu ya watu wa huko. Elimu ya nyota hakusomea kama kazi. Aliipenda tu tangu utotoni, na alikuwa na fedha.

Hapa yatupasa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1877 sayari ya Mirihi ilikaribia sana dunia yetu, na mtaalamu wa Italia, Giovanni Schiaparelli, akiwa Milano, alichora ramani yake yenye mistari myembamba mingi. Aliiita kwa neno la Kiitaliano ambalo Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma, alikwisha kulitumia mwaka 1858 kwa alama moja kubwa ya sayari hiyohiyo. Neno hilo lina maana mbili. Sisi Waswahili tungalilazimika kuchagua: je, ni mkondo, ambao maji hujipitia yenyewe, au ni mfereji, ambao haupo mpaka mtu ashike jembe? Wafasiri wa Kiingereza walichagua mfereji. Na zama zile zilikuwa zama za mifereji: ule wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na Wafaransa walianza kuchimba Panama mwaka 1881. Watu waliposikia mfereji, waliwaza wachimbaji.

Lowell aliliwaza hilo kuliko wote. Alipopata habari kwamba macho ya Schiaparelli yameanza kudhoofika, aliazimu kuichukua kazi ile yeye. Jambo moja aliloliona kwa usahihi, tena kabla ya wengi, ni kwamba darubini nzuri mahali pabaya haifai kitu. Hewa ikitetemeka, picha nayo hutetemeka, kama vile vitu vya mbali vitetemekavyo juu ya mchanga wa moto. Basi alimtuma msaidizi wake, Andrew Douglass, kutafuta mahali penye hewa tulivu katika nchi kavu ya Arizona. Mwaka 1894 nyumba ya kuangalia nyota ikajengwa kwenye kilima juu ya mji mdogo wa Flagstaff, zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari. Kilima hicho huitwa Mlima wa Mirihi hata leo. Mwaka 1896 ikaletwa darubini ya lenzi yenye upana wa inchi 24, miongoni mwa zilizo bora za wakati ule.

Walakini, kabla hajatazama hata usiku mmoja kutoka kilima hicho, Lowell alikwisha kusimama mbele ya watu wa Boston akawaeleza kwamba yaelekea mistari ile ni kazi ya viumbe wenye akili. Msomaji asilisahau jambo hili.

Maelezo aliyoyatoa yalikuwa mazuri, nasi hatuoni haya kusema kwamba yanavutia hata sasa. Mirihi ni ndogo kuliko dunia, kwa hiyo imepoa na kuzeeka mapema, na maji yake yamekwisha karibu yote isipokuwa barafu iliyo katika ncha zake mbili. Wakaaji wake, kwa kuona kiu inawajia, wamechimba mifereji kutoka nchani hata katikati ya sayari, ili barafu inapoyeyuka wakati wa kuchipua maji yafike mashambani. Kinachoonekana kwa darubini si maji yenyewe, bali ni ukanda wa mimea kando ya mfereji. Na kwa kuwa mifereji inaizunguka sayari nzima bila kujali mipaka, Lowell aliona kwamba watu wale lazima wawe wameacha vita. Aliandika hayo katika vitabu vitatu, vya mwaka 1895, 1906 na 1908, akayasema katika kumbi zilizojaa watu. Alikuwa msemaji hodari, na magazeti yalimpenda.

Wataalamu wengi hawakumpenda. Walitazama kwa darubini kubwa kuliko yake wasione mistari. Mwaka 1903 Maunder, mtaalamu wa Greenwich, aliwapa watoto wa shule picha ya duara yenye madoa madoa tu, wainakili wakiwa wamekaa mbali. Wengi wa waliokaa kwa umbali fulani walichora mistari iliyonyoka. Jicho hupenda kuunganisha. Mwaka 1907 mzee Alfred Russel Wallace, mwenye umri wa miaka 84, alitoa kitabu kizima kuonyesha kwamba Mirihi ni baridi mno, na kwamba maji yakipitishwa kwenye mfereji wa wazi huko yatapotea kabla ya kufika. Na mwaka 1909 Antoniadi, akitumia darubini kubwa ya Meudon karibu na Paris usiku hewa ilipotulia sana, aliona mistari ile ikivunjika kuwa mabaka na madoa yasiyo na mpango.

Wengi humhukumu Lowell kwa kuona kisichokuwapo. Sisi hatuthubutu. Schiaparelli aliiona mistari hiyo, na wengine wengi waangalifu waliiona. Macho ya wanadamu ndivyo yalivyo. Bali liko shauri la Douglass. Yeye ndiye aliyekitafuta kilima kile, ndiye aliyeisimamia nyumba Lowell alipougua mishipa ya fahamu tangu mwaka 1897, asiweze kufanya kazi kwa miaka minne hivi. Mistari hata yeye aliichora. Lakini moyo ulianza kumsumbua, akatundika sayari za bandia mbali na darubini, akazitazama, akaona kwamba baadhi ya alama walizokuwa wakizichora hutengenezwa na jicho lenyewe. Akaandika barua kwa mtu wa jamaa ya Lowell, akieleza kwamba bwana wao huamua kwanza, kisha hukusanya yale tu yanayounga mkono uamuzi wake. Mwaka 1901 Lowell akamfukuza kazi.

Hilo ndilo kosa, nasi twalitaja waziwazi. Mtu atafutaye akili katika sayari nyingine alikuwa na akili moja karibu naye iliyothubutu kumsahihisha, akaiondoa. Douglass hakupotea, alikuja kuanzisha elimu ya kuhesabu miaka kwa pete za miti, ambayo kwayo umri wa magofu ya kale ya Wahindi wa Amerika ulijulikana.

Liko na jambo la Zuhura, ambalo huonekana kama mzaha ingawa ni la kweli. Lowell alichora juu ya sayari hiyo mistari iliyotoka katikati kama njiti za gurudumu. Zuhura imefunikwa mawingu pande zote. Haionyeshi kitu cha namna hiyo. Lakini Lowell alikuwa ameupunguza sana mdomo wa darubini yake ili kupunguza mng'ao, na wako wanaodhani kwamba kwa kufanya hivyo alikuwa akiona kivuli cha mishipa ya damu ya jicho lake mwenyewe.

Katika miaka yake ya mwisho alijitia katika kazi nyingine, kuitafuta kwa hesabu sayari iliyo mbali kuliko Neptuni. Hakuiona. Alifariki dunia Flagstaff tarehe 12 Novemba 1916, akazikwa palepale kilimani. Aliacha fedha ili kazi iendelee, lakini mjane wake alishtaki juu ya urithi, na kesi ikala miaka na sehemu kubwa ya fedha.

Nyumba ile haikufa. Vesto Slipher, aliyeajiriwa mwaka 1901 kwa muda mfupi, alikaa mpaka mwaka 1954. Lowell ndiye aliyempa chombo cha kupasua mwanga katika rangi zake, akamwamuru achunguze mawingu ya nyota yenye umbo la pia, akidhani kwamba ni majua machanga yanayozaliwa. Hapo tena alikosea. Lakini Slipher, tangu mwaka 1912, alipima mwendo wao akaona kwamba mengi yanatukimbia kwa kasi kubwa mno. Juu ya vipimo hivyo wengine walijenga elimu ya kupanuka kwa ulimwengu. Mwaka 1930 Clyde Tombaugh, kijana wa shambani Kansas aliyejitengenezea darubini kwa mikono yake, aliiona Pluto katika picha za nyumba hiyo. Habari ilitangazwa tarehe 13 Machi, siku ya kuzaliwa kwa Lowell. Pluto ni ndogo mno, wala siyo ile ya hesabu zake. Tangu mwaka 2006 haihesabiwi tena pamoja na sayari kubwa.

Mwezi wa Julai mwaka 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kiliipita Mirihi kikapiga picha 22. Zilionyesha mashimo kama ya mwezi. Chombo kingine, Mariner 9, kiliizunguka mwaka 1971 na 1972, kikakuta mabonde yaliyokatwa na maji zamani sana, mikondo mikavu isiyo mahali alipochora Lowell mistari yake.

Darubini ya inchi 24 ingaliko, hatua chache kutoka kaburini, na usiku wageni huruhusiwa kuchungulia. Mirihi ikiwa karibu, huona duara dogo jekundu lenye mabaka na kofia nyeupe, likitetemeka katika hewa.