Bjørn Ibsen: Tabibu aliyewapumulia wagonjwa kwa mikono

MJINI Kenol, Kaunti ya Murang'a, ambako barabara kuu kutoka Thika hugawanyika, moja ikielekea mjini Murang'a na nyingine Sagana hadi Nyeri, habari za ajali ya matatu au bodaboda si ngeni masikioni mwa wakazi.

Majeruhi aliyeumia kichwani anapofikishwa hospitalini akiwa hajitambui, uhai wake hutegemea mambo mawili: kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kumsaidia kupumua. Wachache hufahamu kwamba chumba hicho asili yake ni jitihada za tabibu mmoja wa Denmark, marehemu Dkt Bjørn Ibsen.

Ibsen alizaliwa jijini Copenhagen mnamo Agosti 30, 1915, na kuhitimu udaktari mwaka wa 1940. Enzi hizo, kazi ya kuwatia wagonjwa usingizi wakati wa upasuaji haikuwa na hadhi kubwa nchini mwake. Hata hivyo, mnamo 1949 alifunga safari hadi Boston, Marekani, kuisomea taaluma hiyo katika hospitali ya Massachusetts General. Alirejea nyumbani mwaka uliofuata.

Ujuzi huo ulitiwa kwenye mizani katika kiangazi cha 1952, polio ilipolivamia jiji la Copenhagen. Wagonjwa, wengi wao watoto, walimiminika katika hospitali ya Blegdam wakiwa wamepooza misuli ya kupumulia na ya kumezea.

Hospitali hiyo ilikuwa na mashine moja kubwa ya kumfungia mgonjwa mwili mzima isipokuwa kichwa, na nyingine sita za kufunika kifua pekee. Katika majuma matatu ya kwanza, kati ya wagonjwa 31 waliowekewa mashine hizo, 27 waliaga dunia.

Dkt Mogens Bjørneboe, aliyewahi kushirikiana na Ibsen kumtibu mtoto mwenye pepopunda, alimshauri mkuu wake, Profesa Henry Lassen, amwalike mtaalamu huyo. Ibsen alizipitia rekodi za waliofariki na kung'amua jambo lililowapita wenzake. Badiliko la damu ambalo madaktari walilidhania kuwa athari nyingine ya maradhi lilikuwa ishara kwamba hewa chafu ya kaboni ilikuwa ikirundikana mwilini. Wagonjwa walikuwa wakifa kwa kukosa pumzi ya kutosha.

Mnamo Agosti 27, 1952, alikabidhiwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Koo lake lilitobolewa chini ya zoloto, mpira ukapitishwa, na mfuko wa hewa ukaunganishwa ili ubinywe kwa mkono. Mwanzoni mtoto alipapatika na hali ikazidi kuwa mbaya, hata baadhi ya waliokuwa wakitazama wakaondoka. Ibsen alimdunga dawa ya usingizi. Mwili ulipotulia, hewa ilipenya mapafuni na rangi ikamrudia. Msichana huyo alinusurika.

Kwa kuwa mashine hazikutosha, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliitwa kwa zamu, usiku na mchana, kuibinya mifuko hiyo. Kuna wakati wagonjwa 70 walipumuliwa kwa mikono kwa pamoja. Vifo miongoni mwao vilipungua kutoka karibu tisa kati ya kila kumi hadi takriban robo.

Desemba 1953, Ibsen alianzisha katika hospitali ya Kommunehospitalet wadi maalumu ya kuwaangalia mahututi saa zote. Wengi huitambua kuwa ya kwanza ya aina yake duniani.

Lakini ushindi huo ulizaa swali jipya: mgonjwa ataachishwaje mashine? Aliyeugua polio alikuwa na akili timamu ila misuli dhaifu. Aliyeumia ubongo huwa kinyume chake. Misuli yake huenda ina nguvu, lakini ubongo hautoi amri ipasavyo, wala hauamshi kikohozi cha kusafisha koo.

Ndiyo maana siku hizi madaktari hupunguza msaada wa mashine kidogo kidogo, kisha humjaribu mgonjwa apumue mwenyewe kwa nusu saa hadi saa mbili. Hutazama kama anafungua macho, anafuata maagizo, anakohoa na kumeza mate. Akiondolewa mapema, huenda akapaliwa au mpira ukalazimika kurejeshwa kwa dharura. Akicheleweshwa, nimonia humnyemelea na misuli ya kupumulia hulegea. Anayehitaji muda mrefu hutobolewa koo, njia ile ile iliyotumiwa kwa msichana wa Blegdam.

Ibsen hakulikwepa swali zito zaidi, la mgonjwa asiye na tumaini la kupona. Mnamo 1974 alizua mjadala mkali nchini Denmark alipoeleza redioni kwamba wakati mwingine madaktari husitisha matibabu ya mtu kama huyo ili aage kwa utulivu. Wapo walioshtuka, lakini suala hilo halingeweza tena kufichwa nyuma ya milango ya wadi.

Tabibu huyo alifariki Agosti 7, 2007, akiwa na umri wa miaka 91. Mnamo 2020, janga la corona liliwakumbusha Wakenya jinsi vitanda vya mahututi na mashine za pumzi zilivyo adimu.

Kwa familia kutoka Kenol inayokesha nje ya wadi, mafunzo ya Copenhagen yangali na uzito. Mashine humnunulia mgonjwa muda tu. Kumrejeshea pumzi yake mwenyewe kunahitaji daktari na muuguzi wanaomtazama kitandani saa baada ya saa, kama walivyofanya wanafunzi wale walioshika mifuko ya hewa mikononi.