Frank Worrell: Nahodha aliyeshindwa akaagwa kama mshindi

MNAMO Februari 15, 1961, katika uwanja wa kriketi wa Melbourne, Australia, kijiti kidogo kilianguka kutoka juu ya wiketi na kuzua mjadala ambao haujakwisha hadi leo. Wenyeji walihitaji mbio 4 tu washinde. Mpigaji wao, Wally Grout, aliukata mpira uliorushwa na Alf Valentine, akakimbia mara mbili na mwenzake huku mlinda wiketi wa West Indies, Gerry Alexander, akionyesha kijiti kilicholala chini. Waamuzi walishauriana, kisha wakaamua kwamba Grout hajatoka. Alitolewa punde si punde, lakini mbio zile 2 zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa. Australia ikashinda ikiwa imebakiwa na wiketi 2, na kwa ushindi huo ikatwaa mfululizo wa mechi tano kwa 2-1.

Nahodha wa West Indies, Frank Worrell, hakuzua ubishi.

Ukimya huo ulikuwa na uzito wake. Tangu West Indies ianze kucheza mechi za Testi mwaka 1928, unahodha ulikuwa kama mali ya Wazungu na watu weupe wa visiwa vya Karibiani. Mtu mweusi aliruhusiwa kupiga na kurusha mpira, si kuamuru. George Headley, mpigaji hodari kuliko wote wa enzi yake visiwani, aliongoza mechi moja pekee, mwaka 1948. Ilibidi mwandishi C.L.R. James aendeshe kampeni kali gazetini huko Trinidad ndipo Worrell akabidhiwe timu kwa ziara nzima, naye akiwa tayari na umri wa miaka 36. Waliodai kwamba mweusi hawezi kuongoza walikuwa wakingoja ateleze.

Worrell alizaliwa Agosti 1, 1924, Barbados, katika mitaa ile ile iliyowalea Everton Weekes na Clyde Walcott. Watatu hao walikuja kuogopwa na warushaji wa dunia nzima. Hata hivyo, kisiwani kwao alionekana mwenye kiburi, na mwaka 1947 akahamia Jamaica. Aligombana na wakuu wa kriketi kuhusu malipo, akaikosa ziara ya India ya 1948. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Kwa ufupi, hakuwa mtu wa kunyenyekea ovyo, na anayedhani alinyamaza Melbourne kwa woga hamjui.

Wasomaji wa Kenya huenda wanaikumbuka West Indies kwa kichapo cha mbio 73 ilichopewa na Kenya mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia la 1996. Ile ya Worrell ilikuwa timu ya namna nyingine. Mechi ya kwanza ya ziara hiyo, mjini Brisbane Desemba 1960, ilimalizika kwa sare ya mbio, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika Testi. Australia ilihitaji mbio 6 katika overi ya mwisho iliyorushwa na Wes Hall. Ikapata 5 na kupoteza wiketi zake 3 zilizobaki, ya mwisho kwa mrusho wa Joe Solomon uliogonga vigingi kutoka pembeni. Worrell mwenyewe alifunga mbio 65 katika kila zamu. Alexander, aliyekuwa nahodha kabla yake, alicheza chini yake kwa moyo mmoja na kuongoza wastani wa upigaji wa timu.

Baada ya kushindwa Melbourne, Worrell alimkabidhi nahodha wa Australia, Richie Benaud, kombe jipya lililopewa jina lake yeye Worrell, kisha akamvulia kofia, tai na koti lake la timu. Wageni walipoagwa, walipitishwa mitaani katika magari ya wazi, na umati uliokadiriwa kufikia watu nusu milioni ukajipanga kuwashangilia. Timu iliyoshindwa!

Mwaka 1962, nahodha wa India, Nari Contractor, alipopasuka fuvu kwa mpira huko Barbados, Worrell alikuwa miongoni mwa waliojitolea damu kumwokoa. Mwaka uliofuata aliiongoza West Indies kuilaza Uingereza 3-1 ugenini, akastaafu akiwa na mbio 3,860 katika Testi 51. Alipewa hadhi ya Sir mwaka 1964.

Saratani ya damu ilimuua mjini Kingston, Jamaica, Machi 13, 1967, akiwa na miaka 42. Ibada ya kumkumbuka ilifanyika Westminster Abbey, London. Mwili wake ulirudishwa Barbados, kisiwa alichokihama, ukazikwa katika bewa la chuo kikuu la Cave Hill.