Martin Rinkart, Mchungaji Aliyetanguliza Shukrani

Twapenda katika kitabu hiki cha jubilei kuwaeleza wasomaji wetu habari za Martin Rinkart, mchungaji wa Saksonia katika nchi ya Ujerumani, ambaye wimbo wake wa shukrani umefasiriwa kwa lugha nyingi na huimbwa katika sikukuu za Kanisa. Walio wengi waujua wimbo, bali wachache wamjua mtu aliyeutunga.

Alizaliwa Eilenburg, mji mdogo kando ya mto Mulde, tarehe 23 Aprili 1586. Baba yake alikuwa fundi wa mapipa. Kijana alipokewa awe mwimbaji katika shule ya Mtakatifu Thoma mjini Leipzig, kisha akasoma elimu ya dini katika chuo kikuu cha mji ule ule. (Jina la Leipzig si geni kwetu, kwa maana misioni yenye jina hilo ilifika Kilimanjaro mwaka 1893.) Mwaka 1610 akawa mwalimu na kiongozi wa uimbaji huko Eisleben, mji aliozaliwa Luther. Walimu wetu watafurahi kusikia kwamba alishika chaki ya shule kabla ya kuvaa kanzu ya uchungaji. Mwaka 1617 akaitwa arudi Eilenburg awe mmoja wa wachungaji wa mji wa kwao, naye akaenda, mwenye umri wa miaka 31. Mwaka uliofuata vita vilianza, navyo vikadumu miaka 30.

Kuna masimulizi yasemayo kwamba Rinkart aliutunga wimbo wake siku ya kufurahia amani, vita vilipokwisha. Masimulizi hayo ni mazuri, lakini hayawezi kuwa kweli, kwa maana mwaka 1647 wimbo ulikuwa umekwisha chapwa katika kitabu cha nyimbo cha Johann Crüger, na amani haikupatikana ila mwaka 1648. Wachunguzi wengi waona kwamba ulitungwa miaka mingi kabla ya hapo, katika siku za vita zenyewe. Tena haukutungwa kwa ajili ya sikukuu yo yote. Katika kitabu cha Rinkart mwenyewe umewekwa kuwa sala fupi ya mezani, yaani ya baba na mama na watoto wakaao mbele ya chakula, kidogo au kingi.

Na tuutazame mpango wake. Maneno ya asili yametoka katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 50. Fungu la kwanza halina ombi hata moja. Ni shukrani tupu, kwa mambo makuu ya Mungu na kwa ulinzi wake tangu tumboni mwa mama. Fungu la pili ndilo laomba, nalo laomba moyo wa furaha na amani, na kuokolewa katika taabu. Fungu la tatu ni sifa kwa Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Basi ombi limewekwa katikati, limezungukwa na shukrani upande huu na sifa upande huu. Sisi tulio wengi tukipiga magoti huanza na haja zetu, mvua, ada ya shule, mgonjwa aliye nyumbani, na shukrani huja mwishoni kama wakati ungalipo. Hata hivyo tusidhani ya kuwa Rinkart alificha taabu kwa maneno matamu. Taabu imetajwa, ila haikupewa nafasi ya kwanza.

Mwaka 1637 sala hiyo ilijaribiwa. Eilenburg ulikuwa mji wenye ukuta, na kwa sababu hiyo watu wa mashamba walikimbilia humo kwa wingi, wakasongamana, na tauni ikaingia. Inasemekana waliokufa mwaka ule walikuwa kama 8,000. Mkuu wa wachungaji aliondoka mjini wala hakukubali kurudi. Siku moja ya mwezi wa Agosti Rinkart aliwazika wachungaji wanne, wawili wa mji na wawili waliokimbia kutoka vijijini, na tangu hapo akabaki peke yake kwa muda. Siku nyingine alizika watu 40 au 50. Kwa jumla aliwazika watu wapata 4,480, na mmoja wao alikuwa mkewe mwenyewe, aliyefariki mwezi wa Mei. Watoto wake walibaki bila mama, na meza ile waliyofundishwa kushukuru ikawa na kiti kitupu.

Baada ya tauni ikaja njaa kali sana, hata watu wakagombania paka au kunguru aliyekufa. Rinkart alitoa karibu vyote alivyokuwa navyo, akiwabakizia wa nyumbani kwake chakula cha kuwatosha tu wasife, na umati wa watu ulijaa mlangoni pake. Ikambidi kukopa kwa kuweka rehani mapato yake ya miaka ya mbele, apate mkate na nguo za watoto wake.

Kisha Waswidi wakaja, wakaudai mji fedha taler 30,000. Rinkart akaenda kambini kumsihi jemadari, naye akakataa. Ndipo mchungaji akawageukia watu wake waliomfuata, akawaambia kwamba kwa wanadamu hawakupata rehema, basi waende kwa Mungu. Akapiga magoti pale pale, akaomba. Jemadari akalegea moyo, na deni likapunguzwa mpaka kufika gulden 2,000.

Ungedhani mji ungemheshimu mtu kama huyu. Kinyume chake, wakubwa wa mji walimsumbua kwa mashauri na madai mengi, na mtu aliyewafundisha wengine kushukuru hakupata shukrani nyingi kwao. Amani ilipotiwa sahihi mwezi wa Oktoba 1648 alikuwa amechoka, amezeeka kabla ya wakati wake. Ile amani aliyoiomba katika fungu la pili aliishi ndani yake muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Alifariki Eilenburg tarehe 8 Desemba 1649.