Alfred Hitchcock, mwoga aliyefundisha sinema namna ya kuogopesha

Tarehe 16 mwezi wa sita mwaka wa 1960, mjini New York, watu waliokuja kutazama filme mpya walikuta sheria ambayo hawakuizoea: filme ikishaanza, hakuna mtu anayeingia tena. Siku zile mtu aliingia ukumbini saa yoyote aliyotaka. Aliketi katikati ya hadithi, akangojea filme irudi mwanzo, kisha akatoka alipofika pale alipoingilia. Safari hii mlango ulifungwa, hata kwa mtu aliyekuwa na tiketi mkononi.

Filme hiyo iliitwa Psycho. Aliyeweka sheria hiyo ni Alfred Hitchcock, mzee wa miaka 60, mnene, mwenye kuvaa suti nyeusi kila siku. Wengi walifikiri ni ujanja wa biashara tu, na kweli biashara ilikuwamo. Lakini sababu nyingine ilikuwa ndani ya hadithi yenyewe: mwigizaji mkubwa aliyevuta watu kuja anauawa kabla filme haijafika nusu. Mtu aliyechelewa angekaa akimngojea mpaka mwisho, bila kumuona.

Hitchcock alikuwa amefanya kazi ya kutia watu woga kwa zaidi ya miaka 30. Maisha yake, pamoja na makosa yake, yanasaidia kuelewa kwa nini filme moja ya kuogopesha inamnyima mtu usingizi, na nyingine inamchekesha mara tu jini linapotokea.

Kasho la dakika chache

Hitchcock alizaliwa tarehe 13 mwezi wa nane mwaka wa 1899 huko Leytonstone, pembeni ya mji wa London. Baba yake, William, alikuwa muuza mboga na kuku. Jamaa ilikuwa ya Wakatoliki, na kijana huyo alisoma kwa mapadri Wajezuiti, ambako adhabu ya fimbo ilijulikana.

Kuna kisa kimoja alichokisimulia maisha yake yote. Alipokuwa na miaka karibu mitano, baba yake alimpa barua na kumtuma kituo cha polisi. Polisi aliisoma, akamfungia ndani ya kasho kwa dakika chache, kisha akamwambia kwamba hivyo ndivyo watoto watundu wanavyofanyiwa. Tangu siku hiyo, alisema, aliogopa polisi hata uzeeni.

Waandishi wengine wa maisha yake wana mashaka kama mambo yalikwenda hivyo kabisa. Lakini ndani ya kisa hicho kuna karibu filme zake zote. Hakuna damu, hakuna aliyepigwa. Kuna mtoto asiye na kosa, mlango uliofungwa, na kutojua kitakachofuata.

Baba yake alikufa mwaka wa 1914, Alfred akiwa na miaka 15. Aliingia kazini katika kampuni ya nyaya za umeme, akapelekwa katika idara ya matangazo kwa sababu alijua kuchora. Baadaye kampuni ya sinema ya Wamarekani ilipofungua studio Islington, London, alipeleka michoro yake. Alipewa kazi ya kutengeneza maandishi yaliyoonyeshwa katikati ya picha, kwani filme za wakati ule hazikuwa na sauti.

Alichokiona Ujerumani

Mwaka wa 1924 alitumwa kufanya kazi Babelsberg, karibu na Berlin. Huko alimuona F. W. Murnau, aliyekuwa ametengeneza Nosferatu miaka miwili mbele, akiwa kazini. Wajerumani hao walijua kusimulia kwa kivuli, ngazi na mwanga, karibu bila maneno. Hitchcock alirudi nyumbani na somo hilo.

Alilitumia katika The Lodger, filme juu ya mpangaji anayeshukiwa kuwa ndiye anayeua wanawake usiku. Alitaka watu waone mpangaji huyo akitembea huku na huku chumbani juu, wakati wenye nyumba wanasikiliza chini. Kwa kuwa sauti haikuwapo, alitengeneza sakafu ya kioo kinene, akapiga picha kutoka chini. Watazamaji waliona nyayo tu, zikienda na kurudi. Nyayo hizo zilitosha.

Wakubwa wa kampuni hawakuipenda na waliiweka kando. Baada ya kurekebishwa na kupunguziwa maandishi, ilionyeshwa na ikapata sifa kubwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1926, Hitchcock alifunga ndoa na Alma Reville, fundi wa kuunganisha picha. Kwa zaidi ya miaka 50, hakuna ambaye maoni yake aliyaogopa kama ya mke wake.

Sauti ilipofika, aliifanya nayo iogopeshe. Katika Blackmail ya mwaka wa 1929, msichana ambaye usiku ameua mtu kwa kisu ameketi mezani asubuhi. Jirani anazungumza bila kunyamaza. Polepole maneno yake yote yanafifia, linabaki neno moja tu linalosikika waziwazi: kisu.

Mtoto ndani ya bisi

Kosa lake kubwa alilifanya mwaka wa 1936, katika Sabotage. Mtoto mmoja anapewa kifurushi akipeleke mjini, bila kujua kwamba ndani kuna bomu. Watazamaji wanajua. Wanajua pia saa ambayo bomu litalipuka. Mtoto anacheleweshwa sokoni, anasimama kutazama maandamano, mwishowe anapanda bisi, na bisi inakwama kati ya magari. Saa inafika. Bomu linalipuka, mtoto anakufa pamoja na abiria wengine.

Watu walitoka ukumbini na hasira. Hitchcock mwenyewe alikuja kukubali kwamba alikosea. Alikuwa amewafanya watu wampende mtoto huyo, akawabana roho kwa dakika nyingi, kisha hakuwapa hata nafasi ya kupumua. Mtazamaji wa filme ya kuogopesha ni kama mtu anayeshikwa mkono kuvushwa daraja bovu. Anakubali kutetemeka, mradi amwamini anayemshika. Akiona ametupwa mtoni, hataomba kuvushwa tena.

Tangu hapo alishika kanuni ambayo mwaka wa 1962 alimweleza kwa kirefu mtengenezaji filme Mfaransa, François Truffaut. Watu wanazungumza mezani, na bomu lililofichwa chini linalipuka ghafula: mtazamaji anashtuka kwa sekunde chache, basi. Lakini kama alikwisha kuonyeshwa bomu hilo, na saa iliyo ukutani, mazungumzo yale yale ya bure yanageuka mateso ya dakika 15. Mtazamaji anataka kupiga kelele kuwaonya wale watu. Kushtua ni rahisi, hata mlango unaogongwa kwa nguvu unashtua. Kufanya mtu angojee ndiyo kazi.

Glasi ya maziwa

Mwaka wa 1939 Hitchcock alihamia Marekani na jamaa yake. Filme yake ya kwanza huko, Rebecca, ilipata tuzo ya Oscar ya filme bora. Mwanamke ambaye jina lake ndilo jina la filme amekwisha kufa, na haonekani hata mara moja. Lakini anatawala nyumba yote, kwa sababu kila mtu anamtaja na vitu vyake bado viko mahali pake.

Mwaka wa 1941 alitengeneza Suspicion. Mke anaanza kuamini kwamba bwana yake anataka kumuua. Usiku mmoja bwana anapanda ngazi gizani, amebeba glasi ya maziwa. Hitchcock aliweka taa ndogo ndani ya maziwa hayo ili yang'ae, na macho ya watu yasitoke pale. Hakuna aliyepiga kelele, lakini watu waliogopa maziwa.

Hata hivyo, filme hiyo inaishia vibaya. Bwana huyo aliigizwa na Cary Grant, aliyependwa sana, na kampuni haikutaka awe muuaji. Mwishoni inaonekana kwamba mke alijitisha bure. Woga uliojengwa kwa saa nzima ukaanguka kwa dakika mbili, na watu wanailalamikia mpaka leo.

Vertigo, ya mwaka wa 1958, ilikwenda kinyume. Kitabu kilichotumiwa kilificha siri yake mpaka mwisho. Hitchcock aliamua kuitoa mapema, ili mtazamaji ajue ukweli wakati mhusika mkuu bado haujui, na angojee siku atakapoutambua. Filme hiyo ilipotoka haikupokelewa vizuri, na mapato hayakufikia yaliyotarajiwa. Lakini mwaka wa 2012, wakosoaji waliokusanywa na gazeti la Uingereza Sight and Sound waliichagua kuwa filme bora kuliko zote.

Sekunde 45 za Psycho

Psycho ilitoka katika kitabu cha Robert Bloch cha mwaka wa 1959. Wakubwa wa kampuni ya Paramount waliona hadithi ni chafu, wakakataa kuitolea makuta ya kutosha. Hitchcock aliitengeneza kwa gharama yake mwenyewe, dola karibu 800.000, bila rangi, na wafanyakazi aliowatoa katika vipindi vyake vya televisheni.

Picha inayojulikana zaidi ni ile ya mwanamke, Janet Leigh, anayeuawa kwa kisu akioga. Ilichukua siku saba kupigwa, lakini inaonekana kwa sekunde karibu 45 tu. Kisu kinaonekana, mwili unaonekana, lakini pigo lenyewe karibu halionekani. Damu ilikuwa shira ya chokoleti. Watu wengi waliapa kwamba waliona kisu kikiingia mwilini. Akili zao ndizo zilizokiingiza.

Hitchcock alitaka pasiwe na muziki pale. Mtunzi Bernard Herrmann aliandika hata hivyo, kwa vinanda vya nyuzi peke yake, vinavyolia kama ndege anayechinjwa. Hitchcock aliposikia, alikubali kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Psycho nayo ina doa. Karibu na mwisho, daktari wa akili anasimama na kueleza kwa kirefu kwa nini muuaji aliua. Wakosoaji wengi wanaona hapo filme inapoa. Kitu kinachoogopesha kikielezwa chote, kinageuka somo la darasani.

Inawezekana somo hilo lilimfikia, kwani The Birds ya mwaka wa 1963 haielezi chochote. Ndege wa kawaida wanaanza kushambulia watu, na sababu haitolewi. Muziki haumo pia, kuna sauti za ndege tu, nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa mashine. Mwanamke ameketi nje ya shule, watoto wanaimba ndani. Nyuma yake kunguru mmoja anatua, kisha wengine wachache. Yeye haoni. Anapogeuka, wamejaa. Mtazamaji ndiye aliyeteseka, kwa sababu alianza kuwaona mbele yake.

Bei ya woga

Lakini filme hiyo ina upande wa giza. Mwigizaji mpya, Tippi Hedren, alikuwa ameambiwa kwamba katika shambulio la mwisho watatumia ndege za mashine. Badala yake alitupiwa ndege hai kwa siku tano. Mmoja alimjeruhi karibu na jicho, na daktari akaamuru apumzike. Katika kitabu chake cha mwaka wa 2016, Hedren alimshitaki Hitchcock kwamba alimsumbua kingono, na kwamba alipokataa aliharibiwa kazi. Hitchcock alikuwa amekufa zamani, hakuweza kujibu. Waliofanya kazi naye hawakubaliani wote. Lakini kanuni yake ilidai mtazamaji amwamini anayemshika mkono, na ukifuata maelezo ya Hedren, mwigizaji wake mwenyewe hakuweza kumwamini.

Baada ya hapo nguvu zilipungua. Mwaka wa 1966 aligombana na Herrmann juu ya muziki wa Torn Curtain, na hawakufanya kazi pamoja tena. Topaz, ya mwaka wa 1969, ilijaribiwa mbele ya watu, wakaukataa mwisho wake. Ikatafutiwa mwisho mwingine, na mwingine tena, wala hakuna uliopendeza. Frenzy, aliyorudi kuipiga London, ilimrudishia heshima mwaka wa 1972.

Aliteuliwa mara tano kwa tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora, na hakuipata hata mara moja. Mwanzoni mwa mwaka wa 1980 Malkia wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Tarehe 29 mwezi wa nne mwaka huo alikufa nyumbani kwake Los Angeles, akiwa na miaka 80. Majivu yake yalimwagwa katika bahari ya Pasifiki.

Leo kompyuta inaweza kutengeneza jini lolote, lenye meno mengi kama linavyotakiwa. Na bado watu wanatoka wakisema hawakuogopa. Hitchcock alimulika glasi ya maziwa kwa taa moja, akamfanya mtu aipandishe ngazi polepole. Miaka zaidi ya 80 imepita, na anayeitazama bado anatamani mke yule asiinywe.