Mtakatifu Fransisko Borja Mbele ya Jeneza

Fransisko Borja alizaliwa mwaka 1510 katika mji wa Gandía, nchi ya Hispania, katika jamaa ya watu wakubwa sana. Alipokuwa kijana aliingia katika utumishi wa Kaisari Karoli wa Tano, akawekwa kuwa msimamizi wa farasi wa Malkia Isabella. Mwaka 1529 alimwoa Leonor de Castro, mmoja wa wanawake waliomhudumia Malkia. Mungu akawajalia watoto wanane.

Malkia Isabella alisifiwa na watu wote kwa uzuri wake. Lakini tarehe 1 Mei 1539 alikufa katika mji wa Toledo, naye hajatimiza miaka 36. Fransisko akaamriwa kuufikisha mwili wake Granada, mahali pa kuzikia wafalme. Walisafiri siku nyingi katika joto. Walipofika, ilimpasa kushuhudia kwamba maiti ile ndiyo ya Malkia mwenyewe. Basi jeneza likafunguliwa. Uso ule ulioinamiwa na wakubwa wote ulikuwa umeoza, hata usitambulikane. Yasimuliwa kwamba hapo Fransisko aliazimu moyoni asimtumikie tena bwana awezaye kufa.

Kaisari naye alimlilia mkewe, akataka sura yake isipotee. Akamwagiza fundi Titian, naye mwaka 1548 akachora picha ya Malkia ameketi, amevaa lulu, ana kitabu mkononi. Titian hakumwona hata mara moja. Aliiga picha nyingine. Mwaka 1884 fundi José Moreno Carbonero alichora jeneza lililofunguliwa, na Fransisko akimwegemea mwenzake kwa huzuni. Picha zote mbili zimo katika nyumba ya Prado, mjini Madrid. Katika ile ya kwanza Malkia ni mzuri hata leo, lakini uzuri huo ni wa rangi na kitambaa tu. Kaisari mwenyewe aliacha enzi yake mwaka 1556, akaenda kukaa karibu na watawa wa Yuste, akafa huko mwaka 1558.

Je, Fransisko aliikimbia nyumba yake siku ile? La. Mwaka ule ule alipewa kuitawala nchi ya Katalonia, akatawala. Alikuwa na mke, akamtunza. Alikuwa na watoto, akawalea. Leonor alipofariki mwaka 1546, ndipo alipojitoa kwa Shirika la Yezu. Ukubwa wake akamwachia mwanawe wa kwanza. Mwaka 1551 akapewa upadri, na mtu yule aliyezoea kutumikiwa akachukua kuni na kusaidia jikoni. Mwaka 1565 alichaguliwa kuwa mkuu wa Shirika lote. Alikufa Roma mwaka 1572, na mwaka 1671 Papa Klementi wa Kumi akamtangaza kuwa mtakatifu.

Enyi wakatekumeni, sisi sote hurudi kutoka makaburini, tukanawa mikono, na moyo huwa mnyenyekevu mpaka jioni. Kesho yake twagombania tena shamba na cheo. Watu wengi waliliona jeneza lile la Granada. Fransisko alilikumbuka miaka thelathini na mitatu, katika kazi ya kila siku, mpaka naye akawekwa katika jeneza lake.