Mwalimu Sikujua na Sauti za Mvita

Marehemu Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki 1890, ana haki juu yetu sote tupendao ushairi. Muyaka bin Haji alikufa yapata 1840, na tungo zake zilibaki vifuani mwa watu. Mwalimu alizikusanya nyingi, akazieleza kwa mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor, nazo zikatoka katika diwani mwaka 1940.

Kuziandika hakukuwa kazi nyepesi. Alifu-be-te ya Kiarabu haina *p* wala *ch*, na irabu zake tatu hazitoshi tano zetu. Tena Kimvita chatenga paa la nyumba na p'aa wa mwituni, kaa la moto na k'aa wa pwani. Wanyama hao hutamkwa kwa pumzi, na Taylor aliitilia alama.

Herufi za shuleni haziionyeshi pumzi hiyo. Likoni, Kisauni na Changamwe nawasikia vijana wengi wakiyatamka yote mamoja. Wazee tusipowasahihisha, Muyaka atasomwa lakini hatasikika. Mola amrehemu Mwalimu.