Daktari aliyekataa waliovunjika mgongo walazwe wangoje kufa

Nilikuwa darasa la tano ami yangu alipoanguka kutoka juu ya mnazi. Alikuwa mkwezi, kazi aliyoifanya tangu ujana wake, na siku hiyo alikuwa akiangua madafu ya harusi ya jirani. Hakufa. Alipozinduka hakuhisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Baada ya wiki kadhaa hospitalini tulirudishiwa mtu wetu, tukaambiwa tumpumzishe.

Tulimpumzisha kweli. Alilazwa chumba cha uani, mahali penye upepo. Mama na mashangazi walimpikia uji, wakamfulia shuka, wakamfukizia udi. Wazee walikuja kumsomea dua kila Alhamisi usiku. Hakuna aliyethubutu kumgeuza, kwa kuogopa kumuumiza mgongo. Vidonda vikafunguka matakoni na visiginoni, mkojo ukawa na usaha, homa ikawa haimwachi. Ramadhani ya pili hakuiona.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ami aliuawa na mnazi. Leo siamini hivyo tena, na aliyenibadilisha mawazo ni daktari aliyefariki mwaka wa 1980, Ludwig Guttmann. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya michezo ya Paralimpiki. Mimi nataka nimweleze kama tabibu aliyepigania jambo moja maisha yake yote, kwamba mazoezi na michezo ni dawa, na yanastahili kupimwa, kufundishwa na kugharamiwa kama dawa nyingine yoyote.

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, uliokuwa Ujerumani na sasa uko Poland. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Mwaka wa 1917, akiwa kijana anayejitolea katika hospitali ya mji wa Königshütte, aliletwa mchimba makaa ya mawe aliyevunjika uti wa mgongo. Mtu yule alikuwa na umri mdogo na mwili wa miraba minne. Madaktari walimfunga plasta, wakamtenga nyuma ya pazia, na Guttmann akaambiwa asijisumbue kuandika mengi katika faili yake kwa kuwa hataishi. Baada ya wiki tano alikufa, damu yake ikiwa imeingia sumu ya vidonda na mkojo. Guttmann aliendelea kumkumbuka hata uzeeni.

Alisomea udaktari, akafuzu mwaka wa 1924, kisha akafanya kazi mjini Breslau chini ya Otfrid Foerster, bingwa mkubwa wa mishipa ya fahamu wa zama zile. Nyota yake ilikuwa inapanda. Mwaka wa 1933 chama cha Hitler kiliposhika serikali, Mayahudi walifukuzwa katika hospitali za umma, na Guttmann akahamia hospitali ya Mayahudi ya Breslau, ambako baadaye akawa mkuu wa madaktari. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa na watu kukamatwa mitaani, aliamuru kila atakayebisha hodi apokewe kama mgonjwa. Asubuhi polisi wa siri walikuja kuuliza vipi wanaume zaidi ya 60 wameugua usiku mmoja. Akawapitisha kitanda baada ya kitanda, akimtajia kila mmoja ugonjwa wake. Karibu wote waliepuka kuchukuliwa.

Mwezi wa Machi 1939 alifika Uingereza na mkewe Else na watoto wao wawili, akapewa nafasi ya utafiti Oxford. Bingwa aliyezoea kuongoza hospitali alikaa miaka kadhaa bila wagonjwa wake mwenyewe. Vita vilipokaribia hatua ya majeshi kuvuka bahari kuingia Ufaransa, serikali ya Uingereza ilijua kwamba askari wengi watarudi wakiwa wamevunjika migongo. Guttmann aliombwa aongoze kituo kipya cha majeruhi hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Alikubali kwa sharti kwamba ataendesha matibabu kwa njia yake. Kituo kilifunguliwa tarehe 1 Februari 1944.

Wenzake walimshangaa. Kwa nini mtu wa elimu yake ajizike na wagonjwa wasio na matumaini? Imani ya wakati huo ilikuwa ile ile iliyomuua mchimba makaa: aliyevunjika uti wa mgongo alitarajiwa kuishi miezi, akijaliwa sana labda miaka miwili, na wema mkubwa wa kumfanyia ni kumwacha alale kwa amani.

Guttmann alianza na mambo yanayoonekana madogo. Alivua plasta. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mtu mzima akilala anajigeuza bila kujua, kwa sababu ngozi iliyobanwa inauma. Aliyekatika mishipa ya fahamu haumwi, kwa hiyo hajigeuzi, na nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu mpaka inakufa. Kile tulichokiona kwa ami na kukiita ugonjwa wa mgongo kilikuwa ni kubanwa tu. Guttmann alikuwa akitokea wodini usiku wa manane kuhakikisha agizo lake linafuatwa, na wauguzi waliozembea walimkoma.

Baada ya ngozi na kibofu alishughulikia misuli, na hapo ndipo alipoingia katika elimu ambayo leo tunaiita fiziolojia ya mazoezi, yaani elimu ya jinsi mwili unavyobadilika unapofanyishwa kazi. Mtu aliyepooza miguu bado ana mabega, mikono, kifua na sehemu ya mgongo. Kuna msuli mpana wa mgongo unaoanzia mkononi na kushuka mpaka kwenye nyonga, na mishipa ya fahamu inayouendesha inatoka shingoni. Kwa hiyo hata aliyevunjika katikati ya mgongo anabaki na msuli huo ukiwa hai. Ukizoezwa vizuri unamwezesha kukaa wima bila kuanguka, kujiinua kutoka kitandani na kuhamia kwenye kiti cha magurudumu. Akikaa wima na kujisukuma, damu inazunguka vizuri, kifua kinapanuka, na matako yanapumzika na godoro. Pia moyo unarudi, kwa maana ya hamu ya kuishi.

Mazoezi ya kuinua vyuma yanachosha akili, na Guttmann aliliona hilo. Siku moja aliwakuta wagonjwa wakiwa katika viti vyao wakipiga kigae sakafuni kwa bakora walizozigeuza juu chini. Mwingine angewafukuza. Yeye pamoja na mkufunzi wa mazoezi wa jeshi waliingia katika viti na kucheza nao ili waone mwili unafanya nini. Mchezo huo ulikuwa wa hatari, ukaachwa, lakini somo likabaki: mtu anayeshindana hujisukuma mbali kuliko anayehesabiwa na mkufunzi. Ukaja mpira wa wavu wa mikono, na ukaja upinde na mshale.

Alizichagua pinde kwa hesabu. Kuvuta upinde kunazoeza mabega, mikono na kiwiliwili, yaani sehemu zile zile anazozihitaji aliyepooza miguu. Tena katika kulenga shabaha, aliyekaa kitini anaweza kushindana sawasawa na aliyesimama. Sisi Waislamu hili lisitushangaze, kwani Mtume wetu (s.a.w.) aliwahimiza watu wake kujifunza kurusha mishale.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Mfalme alipofungua michezo ya Olimpiki jijini London, Guttmann aliandaa mashindano yake kwenye uwanja wa majani wa Stoke Mandeville. Walikuwa washindani 16, wanaume 14 na wanawake 2, wote wakiwa katika viti vya magurudumu, na mchezo ulikuwa mmoja tu, kurusha mishale. Baadaye alitabiri kwamba siku moja michezo hiyo itakuwa Olimpiki ya walemavu. Wachache walimwamini. Mwaka wa 1952 wakaja Waholanzi, ikawa michezo ya kimataifa. Mwaka wa 1960 ilifanyika Roma, ikiwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23.

Nisimpambe kupita kiasi. Guttmann alikuwa mkali, alipenda kutii kwake kuwe amri, na hakuvumilia kupingwa. Michezo yake kwa muda mrefu iliwafungia nje walemavu wasio wa uti wa mgongo. Waliokatwa viungo na vipofu waliingia Paralimpiki mwaka wa 1976. Lakini ukali huo huo ndio uliowatoa watu kitandani. Wagonjwa walinung'unika naye, kisha wakampa jina la utani la Kiingereza lenye maana ya baba.

Ninalotaka wasomaji walione zaidi ni kazi aliyoifanya nje ya viwanja. Angeweza kuridhika na medali na picha za magazeti. Badala yake aliunda jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa waliopooza, akaanzisha jarida la kitaalamu mwaka wa 1963 na kulihariri, akaasisi chama cha michezo ya walemavu cha Uingereza mwaka wa 1961, na mwaka wa 1976, akiwa na umri wa miaka 77 hivi, akatoa kitabu kizima cha kufundishia michezo ya walemavu. Alijua kwamba jambo lisiloandikwa na kupimwa hubaki kuwa huruma ya mtu mmoja, na mtu huyo akifa huruma inazikwa naye. Alitaka mkufunzi wa mazoezi aketi meza moja na daktari na muuguzi.

Mwaka wa 1972 michezo hiyo ilifanyika Heidelberg, Ujerumani Magharibi, nchi iliyomfukuza miaka 33 kabla. Guttmann alikuwa bado ndiye kiongozi wa michezo. Mwaka huo ndio Kenya yetu ilipotuma wanamichezo wa Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Alifariki tarehe 18 Machi 1980.

Najua yupo atakayeuliza kwa nini Mswahili wa pwani anakaa kumsifu daktari wa Kiyahudi, tena siku hizi. Jibu langu ni kwamba ami yangu alikufa kwa kukosa alichokijua mtu huyu. Elimu hiyo ilikuwa imeshaandikwa na kufundishwa miaka mingi kabla ami hajapanda mnazi ule. Haikufika uani kwetu. Hilo ndilo linaloniuma.

Na bado haijafika nyumba nyingi. Minazi ingalipo, na wakwezi wangali wanapanda bila kamba. Bodaboda nazo zimeongeza idadi. Ukibisha hodi nyumba za mitaani kwetu utaambiwa kuna kijana ndani, alianguka, yupo tu. Neno hilo "yupo tu" linanitisha. Ndugu wanamtunza kwa mapenzi yote, kama tulivyomtunza ami, na mapenzi yenyewe ndiyo yanayomlaza mpaka anaoza.

Basi mwenye mgonjwa wa namna hii asikie. Siku ya ajali usimbebe kiholela, ngoja wanaojua kumnyanyua bila kuupinda mgongo. Lakini akishatulia na kuruhusiwa na daktari, mgeuzeni kila saa mbili, usiku pia, mkipeana zamu kama mnavyopeana zamu za daku. Kagueni ngozi yake kila siku. Ulizeni mhudumu wa afya namna ya kumsafisha mkojo. Kisha dai fiziotherapia, usikubali kuambiwa kwamba hiyo ni ya wenye pesa au ya wachezaji mpira. Mkae kitako, mfundisheni kujiinua kwa mikono, mtoeni nje.

Na viongozi wetu wanaopenda kupiga picha wakigawa viti vya magurudumu, shukrani, ila kiti bila mkufunzi ni fanicha. Vijana wetu wanaosomea sayansi ya michezo na mazoezi wanamaliza vyuo na kuulizwa kwa dharau kama wamesomea kuruka kamba. Nafasi yao ni wodini, karibu na kitanda cha aliyeanguka mnazini. Misikiti nayo yenye ngazi sita mlangoni ifikirie nani amebaki nje.

Chumba cha ami sasa ni stoo ya nazi. Dirisha lake linatazama kiwanja ambacho vijana wanacheza mpira kila alasiri. Miezi ile yote alikuwa akisikia kelele zao, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kumpeleka.